Mshika kamba wa Rwamgasa na sauti iliyomwita kutoka shimoni

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo cha kituo kimoja cha afya mkoani Geita, Bi Zuhura anainuka, anageuza kiti chake na kuketi akiangalia dirisha. Ndaki Mageni, pande la mtu, anabaki anatazama mgongo wa mama huyo na ushungi wake wa buluu. Anakohoa. Halafu anaanza kuongea.

Mtu akichungulia atadhani wamegombana. Wapi! Hivi ndivyo tiba yake inavyokwenda, na imekuja kwa ombi lake mwenyewe.

Ndaki (41) ni mshika kamba huko Rwamgasa. Wachimbaji wanapoingia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, yeye huwateremsha kwa winchi ya miti, na wakimaliza huwavuta. Hana mshahara, hulipwa kwa mgao wa viroba vya mawe, na wiki nyingine mawe hayana kitu.

"Sisi tunaongea na watu tusiowaona," anasema. "Unainama, unapiga kelele kwenye giza, mtu anakujibu. Sasa mama huyu akanikalia uso kwa uso. Maneno yote yakarudi tumboni."

Alikuja mara mbili, akaondoka bila kusema zaidi ya shikamoo. Mara ya tatu akapiga moyo konde.

"Mayu, mama yangu, usinione sina adabu. Unaweza kugeuka?"

Bi Zuhura, mshauri wa afya ya akili mwenye umri wa kumzaa, hakuuliza kwa nini. Aligeuka. "Haya baba, nipo. Nakusikia."

Jamani! Mtu ambaye hata mkewe alikuwa hamtoi neno, siku hiyo alisema mpaka sauti ikamkauka.

Alisimulia masika ya mwaka juzi, udongo ulipolowa na duara likaanguka huku rafiki yake Donatus, waliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni, akiwa chini. Ndaki alivuta. Kamba ikaja nyepesi.

"Tulimzika Jumapili. Wiki iliyofuata niko duara jingine, namsikia ananiita: Vuta, Ndaki!"

Basi akawa anavuta. Siku moja alivuta wakati hakuna aliyeita, na mwenzake Nasibu, baba wa watoto watatu, hajamaliza kujifunga. Nasibu alining'inia, akaanguka, akavunjika mkono. Ndaki akasema kamba imeteleza.

Nyumbani walikwenda kwa mganga, wakachinja mbuzi, wakaenda na kanisani kuombewa. Sauti haikunyamaza. Ni mkewe Scolastika, yaani Mama Ritha, alipopeleka mtoto kliniki, aliyesikia habari za Bi Zuhura.

"Nilimwambia Mama Ritha, mimi si kichaa. Lakini hofu yangu hasa ilikuwa kamba. Wakijua, wananinyang'anya. Na bila kamba, Ndaki ni nani?"

Bi Zuhura hakumwita kichaa, wala hakumwambia ajikaze kiume. Alimpa pole. Akampeleka kwa daktari apimwe, kisha akamweleza kuwa mshtuko na majonzi yasiyosemwa huweza kumfanya mtu asikie sauti ya aliyemzika, na kwamba hali hiyo inatibika.

"Nilitoka nikasimama uani," Ndaki anasema, macho yamemtoka kana kwamba ni leo. "Nikasikia kuku. Kuku tu! Mwanawane, sikumbuki mara ya mwisho nilisikia kuku ni lini. Mtu kakaa tu akanisikiliza, na dunia ikarudi. Mpaka leo nashangaa."

Lakini palikuwa na jambo zito. Bi Zuhura alimtaka aiache kamba kwa muda, na awaambie wenzake sababu.

Aliwaambia jioni moja, wamekaa juu ya viroba. Hakuna aliyecheka. Nasibu aliutazama mkono wake uliopinda.

"Kumbe ni wewe," alisema. Akainuka, akaondoka.

Miezi mitano hawakusalimiana. Kamba akapewa mwenzao Abel, Ndaki akawa mbeba viroba. Kila Alhamisi alipanda bodaboda kwenda kliniki, na kidogo kidogo sauti ikaanza kuja kwa mbali. Bi Zuhura alimfundisha: ikija, usivute. Uliza jina.

Mwezi uliopita daktari alimruhusu kurudi. Pale mdomoni mwa duara wenzake walitazamana, nani wa kushuka kwanza? Nasibu akatoka nyuma, akajifunga kiunoni, akamkabidhi kamba.

"Shika. Ila ukiniangusha tena, nitakufa halafu nakuja kukuita kila siku, shauri yako!"

Watu waliangua kicheko. Ndaki alilia, mbele ya wanaume wenzake, na hakuona haya.

Sasa ana mpango. Anataka kuzunguka na Bi Zuhura kwenye maduara mengine, awaambie wachimbaji kwamba msaada upo. "Wengi wanasikia mambo wananyamaza. Mimi nitawaambia, nendeni. Kama mnaogopa kutazamwa, mwambieni ageuke. Atageuka."

Juzi mchana, sauti ilitoka chini ya duara: "Vuta!" Mikono ya Ndaki ilikuwa tayari kwenye winchi. Hakuvuta. Aliinama shimoni.

"Nani?"

Akauliza tena, kwa nguvu zaidi.

"Nani huko?"

"Mimi Nasibu! Nina njaa bwana, nivute!"

Ndaki akacheka, akaanza kuvuta.