Jaketi la Mtani Wetu

Kwenye matanga ya dada yangu Somoe kuna mwanaume mmoja alilia mpaka makamasi yakamtoka, na watu wakacheka.

Sio kucheka kwa chini chini. Walishika mbavu. Mama mmoja alimwagikiwa na chai ya moto mapajani na bado anacheka.

Msiseme walikuwa na roho mbaya. Walikuwa majirani zetu wa Tandika, watu wazuri tu, ndio waliotuletea mchele na kuni. Ngojeni niwasimulie, mtaelewa wenyewe kwa nini walicheka.

Mie naitwa Mauwa. Ni bibi sasa hivi, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi msinianzie kule chini kwenye komenti.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ule mwaka wa njaa tuliokula unga wa njano, tukaupa jina la yanga. Waliokuwepo wanaukumbuka. Unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika mbele unaambiwa umekwisha, rudi kesho.

Sie ni Wayao wa Masasi. Baba yangu, mzee Fakihi, alikuwa kibarua kiwandani. Mama Dar ilimshinda, akabaki nyumbani Masasi na mikorosho yake.

Dada Somoe alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, leo yupo, kesho hayupo. Na kwetu mimba ya kwanza mwanamke anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Halina mjadala hilo.

Ishu ikawa njia.

Masika hayo. Rufiji imefurika, kivuko hakivuki, barabara ya kusini imekufa mpaka mvua ziishe. Ndege ni ya wakubwa. Kwa akina sie inabaki meli mpaka Mtwara, halafu uombe lori.

Meli yenyewe siitaji jina. Sie tulikuwa tunaiita Babu Kikohozi, maana injini yake ilikuwa inakohoa mpaka unaionea huruma. Watu walipakiwa juu ya simenti, mbuzi wakapakiwa juu ya watu. Choo kilikuwa kimoja na mlango wake haufungi.

Sasa nimlete Anselmo.

Anselmo alikuwa Mgoni wa Songea, jirani yetu nyumba ya tatu, na ni baharia wa hiyo hiyo Babu Kikohozi. Mgoni na Myao ni watani. Nyie watoto wa siku hizi mnajua utani wa Simba na Yanga tu. Huu wetu ulianza kwenye vita. Babu zao, waliomkimbia mfalme Chaka huko kusini, waliwapiga babu zetu, na babu zetu wakawapiga wao, mwisho wakaona bora wachekane.

Mtani anakutukana na hukasiriki. Anabeba kitu chako na humshtaki popote, unakikomboa kwa maneno matamu. Ukifa anakuja msibani, anavaa nguo zako, anaigiza mwendo wako, watu wanacheka na uchungu unapungua kidogo.

Anselmo kwenye hayo mambo alikuwa fundi, jamani. Siku moja aliingia uani kwetu na machela, analia kwa sauti, eti amekuja kuchukua maiti ya mzee Fakihi. Mzee Fakihi mwenyewe yuko barazani anakunywa uji.

Na kila utani wake ulianza vilevile. Anakunja uso, anashusha sauti, halafu anasema, "Jamani, leo sitanii."

Basi Jumapili moja tuko uani tunafunga mizigo ya dada na yangu, maana mie ndiye niliyepangwa kumsindikiza. Anselmo akaja. Hakupiga hodi.

"Mzee Fakihi, shikamoo."

Baba akaangusha kicheko palepale. Anselmo hajawahi kumwamkia baba. Siku zote alikuwa anamwita mateka wangu.

"Marahaba, mtoro wa Chaka! Leo umeshiba nini?"

"Mzee, Somoe asipande ile meli. Pampu ya kutolea maji imekufa. Chini kuna tundu tumeziba kwa gunia na lami. Majaketi ya kuokolea yamefungiwa kabatini na ufunguo hakuna anayejua uliko. Nimesema, wamenishusha kazini. Wananiambia nahujumu."

"Wamekushusha kwa sababu unaogopa maji! Mgoni na bahari wapi na wapi?"

Uani kote watu wakacheka. Na mie nilicheka.

Anselmo akakunja uso. "Mzee Fakihi, leo sitanii."

Lo! Hapo ndio aliharibu kabisa. Baba alicheka mpaka akakaa chini, anapiga paja, machozi yanamtoka. "Hata siku ya machela ulisema hutanii!"

Anselmo akageuka akaondoka. Hakuwa na maneno mengine. Yale ya kweli alikuwa ameshayatumia yote kwenye mchezo.

Siku ya safari alitutangulia bandarini. Tumeshuka tu kwenye basi, akamvamia dada, akampokonya kikapu chenye tiketi na nguo za mtoto, akakikumbatia na kukaa nacho juu ya gunia alilokuja nalo.

"Hampandi! Hiki changu! Mateka wangu hawa hawapandi!"

Wapagazi wakaacha mizigo waje kutazama. Watu wakapiga makofi. Kila mtu pale alijua sheria, mtani akishika kitu anakombolewa.

Baba akapiga magoti mbele yake, mzee wa watu na kanzu yake. "Bwana wangu mkubwa, simba wa Songea, mie mtumwa wako naomba kikapu."

Ukishakombolewa hivyo, kukataa huwezi. Ndio utani unavyokwenda. Ukikataa umevunja undugu.

Anselmo akakitoa kikapu. Vigelegele vikapigwa.

Akafunua gunia alilokuwa amelikalia. Ndani mlikuwa na jaketi la kuokolea, lile la kizamani la turubai lililojazwa sufi. Alilichomoa kabatini kwa kung'oa bawaba, kabla hawajamshusha kazini. Akamvalisha dada shingoni, taratibu, mbele ya watu wote.

"Basi vaa hili, Somoe. Usilivue mpaka Mtwara."

"Vaa, mwanangu, umfurahishe mtani," baba akasema.

Tukapanda mie na dada, baba akabaki bandarini. Somoe anatembea na lile dubwana juu ya tumbo la miezi minane, abiria wanamnyooshea vidole, na mie naona aibu vibaya sana.

Tulipopata pembe ya benchi nikamwambia, "Dada, si ulivue sasa? Ameshatuacha."

Akatikisa kichwa. "Mauwa, wewe hujamchunguza Anselmo. Akitania huwa anatazama nani anacheka. Leo hakutazama mtu."

"Sasa kwa nini umepanda?"

"Ningemwambia nini baba? Ameshapiga magoti."

Akashika tumbo. Akasema anatamani embe bichi na chumvi. Hayo ndio mazungumzo yetu ya mwisho ya maana, wajameni. Embe.

Siku ya kwanza ilipita. Watu wanatapika, mvua inatunyeshea, turubai la kutukinga juu limechanika. Baharia mmoja alikuwa anapita na kusema, "Ndugu wananchi, tulieni, hali ni nzuri." Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Kesho yake, tumeshapita Mafia, Babu Kikohozi akaacha kukohoa.

Kimya kile sitakisahau. Halafu nikaona maji yanatokea kwenye ngazi ya chini, meusi, yana mafuta, yanasukuma kuku waliokuwa wamefungwa miguu. Meli ikalala ubavu. Simenti ikaporomokea upande ule, na waliokuwa upande ule hatukuwaona tena.

Watu wakakimbilia kabati la majaketi. Bawaba moja imeng'oka lakini kufuli bado limeshika. Wanaume wakalipiga kwa mateke na kwa mabega mpaka likafunguka, wakapigana, wenye nguvu wakapata.

Mie sikupata.

Dada akaanza kufungua kamba za lake. "Mauwa, chukua wewe. Mie mzito, sitafika popote."

"Una wazimu? Na mtoto?"

Nikamshika mikono, nikazikaza kamba mie mwenyewe. Nikapiga fundo, nikapiga jingine juu yake, kama nafunga mzigo wa kuni. Kisha tukarukia majini tumeshikana.

Nilipoibuka, lile benchi letu lilikuwa linaelea pembeni yangu. Nikalishika. Somoe alikuwa hatua chache tu.

"Njoo, dada! Piga maji!"

Alikuwa anapiga. Anajitahidi kweli. Lakini naona mabega yanazama, halafu shingo, halafu kidevu.

Lile jaketi lilikuwa linakunywa maji.

Wajuzi walikuja kuniambia baadaye. Sufi ikikaa miaka kwenye mvuke wa mafuta ya injini inashiba mafuta, na ikishiba mafuta haielei tena, inageuka godoro lililoloa. Majaketi ya kabati zima yalikuwa hivyo. Wale wanaume wenye nguvu waliopigana na kuyapata, wengi wao hawakuonekana.

Nikamfikia. Mkono mmoja benchi, mkono mmoja yale mafundo. Kamba ikiloa inajikaza. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno mpaka jino likang'oka. Mafundo yangu mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Mwambie mama."

Mama nimwambie nini hakumalizia.

Mashua za wavuvi zilituokota wachache jioni ile. Somoe hakuonekana. Wakubwa walikuja, wakasema bahari ilichafuka, ni mapenzi ya Mungu. Pampu hakuna aliyeitaja.

Ndio tukaweka matanga bila kaburi.

Anselmo akaja, kama mtani anavyotakiwa. Wanawake wakampa kanga za Somoe, wakamwambia haya, tuoneshe alivyokuwa anatembea na tumbo lake. Akazipokea. Akazitazama. Akaanguka nazo chini akalia.

Na watu wakacheka. "Mgoni huyu hatari! Mtazame anavyolia! Leo katuweza!"

Baba peke yake hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, na kwa kweli baba yangu hakutoka tena mle ndani alivyokuwa zamani.

Watu walipotawanyika Anselmo akaniita nyuma ya nyumba. Macho mekundu.

"Mauwa. Alilivaa?"

Nilijua anauliza nini. Anataka kujua kama japo kitu kimoja alichofanya kilifaa.

Ningemjibuje? Kwamba ndio, alilivaa, ni yeye peke yake Dar nzima aliyekuamini, na kukuamini ndiko kulikomzamisha?

"Hapana, kaka Anselmo," nikasema. "Alilivua, akalikalia. Alidhani unatania."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka taratibu.

Tangu siku ile hakutania tena. Misibani alikaa pembeni kimya, harusini hivyo hivyo. Watoto wa mtaani hawakujua hata kama ni mtani wa mtu. Alizeeka akiamini mdomo wake ndio uliomuua dada yangu. Nilimwachia huo mzigo kwa sababu ule mwingine ulikuwa mzito zaidi. Mpaka leo sijui kama nilimpimia sawasawa.

Mwezi uliopita Anselmo alifariki. Mbagala, kwa binti yake Yuliana.

Nilikwenda. Nikapokelewa kwa shangwe, "Mtani kaja! Myao kaja!" Yuliana akaniletea koti la marehemu nilivae, kama desturi. Watu wakasogeza viti, wanangoja wacheke.

Nikavaa koti. Linanuka sigara zake zilezile. Nikafungua mdomo nitafute utani na sikuupata. Kilichotoka ni kingine.

"Anselmo," nikaliambia jeneza, "nilikudanganya. Dada alilivaa jaketi lako. Alikuamini. Lilikuwa bovu, likamzamisha, na kamba nilizikaza mie. Nisamehe, mtani wangu. Jamani, leo sitanii."

Watu wakatazamana.

Halafu mzee mmoja nyuma akapasuka kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. Yuliana alikuwa anacheka huku anafuta machozi, akaja akanikumbatia. "Bibi Mauwa, asante, umetupunguzia uchungu."

Nikavua koti, nikamrudishia, nikaenda zangu kituoni.

Ndio maana nimeandika hapa. Somo mnalitaka, najua, nyie hamsomi kitu bila somo. Watu wataniambia tumsikilize mwenye kuonya hata kama ni mtani wetu. Sawa, msikilizeni. Somoe alimsikiliza.

Mie ninalolijua ni hili tu. Chombo kibovu hakina abiria mjanja. Kabla hujapanda, kagua, uliza, gombana, wakikuita mkorofi waite. Ukishapanda umepanda, na hao waliokupakia hawatakuja matangani kwako, hata kucheka.