Memori Yenye Doa Jekundu

Mtaani walimwita Daktari, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda cha mlango mmoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la madaftari. Mezani pake bisibisi zilipangwa kwa ukubwa, na taa yenye shingo ndefu iliinama kama inasikiliza. Hakunywa, hakutukana, hakuchelewa kufungua. Ukimpelekea mashine alikusikiliza mpaka umalize, kisha akasema kwa upole, "Iache, tuone."

Ubaya wake ulikuwa katika huko kuiacha.

Kila kompyuta ina memori, kipande chembamba kama kidole, ambamo hushikilia kazi inayoifanya kwa wakati ule. Mteja asiyejua kitu akileta mashine yenye memori nzuri, Daktari aliichomoa, akapachika mbovu inayojikongoja, na ile nzuri akamfungia mwingine. Ili asije akajichanganya mwenyewe, kila memori mbovu aliitia doa la rangi nyekundu ya kucha, aliyoiokota kwenye kabati la mkewe. Hakuuita wizi. Aliuita kubadilishana. Mtu akishalipatia tendo lake jina laini, atalitenda miaka na miaka na usingizi wake usipungue hata lepe moja.

Jumapili moja mchana, dada yake mkubwa aliingia kibandani na laptopu kifuani, kaishika kama mtoto mwenye homa. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyekatisha shule akaenda kupiga chapa mahakamani, ili mdogo wake apate kusomea ufundi. Sasa mahakama ilikuwa imepunguza wafanyakazi, naye akawamo. Laptopu ile aliinunua kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Ofisi moja ilimwahidi kazi ya kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, akiwa nyumbani kwake. Sharti lilikuwa moja: kesho asubuhi afanye jaribio, na programu yao ilikubali Linux tu, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao laptopu ile haikuwa nao. Akilikosa jaribio, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Kijana wa jirani kajaribu kuniwekea, kashindwa," alisema huku akivuta kigoda. "Nikamwambia toka hapo, mimi nina Daktari wangu."

"Dada, hili jambo la nusu saa tu. Kaa upumue."

Alichomeka flashi yenye Linux, akajibu maswali ya mwanzo, mstari wa maendeleo ukaanza kusogea. Ulipofika karibu na nusu, ukasimama. Alisubiri. Akabonyeza hiki na kile. Kimya. Akazima, akaanza upya. Safari hii mstari ulivuka pale pa mwanzo, ukaenda kukwama mbele zaidi. Mara ya tatu haukufika popote: skrini iligeuka nyeusi, ikajaa maandishi meupe yaliyoporomoka kama mchanga.

"Sasa Daktari, mbona mgonjwa anazimia kila ukimgusa?"

"Flashi hiyo, dada. Flashi za siku hizi ni takataka."

Akaandika upya faili kwenye flashi nyingine, akahakiki kwamba lilikuwa zima, akaingia kwenye mipangilio ya mashine na kubadilisha namna ya kuwaka. Akajaribu tena. Ikakwama, na mahali pengine kabisa.

Hapo ndipo akili ya ufundi ilipomgonga. Mashine inayokwama pale pale kila mara, utaishuku flashi au diski. Inayokwama popote inapojisikia, ishuku memori. Aliigeuza laptopu, akafungua skrubu, akainua kifuniko cha chini. Palikuwa na nafasi moja tu ya memori. Kwenye ubavu wa kile kipande, chini ya mwanga wa taa, palikaa doa jekundu.

Mikono yake ilisimama. Alilikumbuka vizuri. Alikuwa amempachikia karani mmoja wa ghala, ambaye alirudi kulalamika kwamba mashine inaganda, akarudi tena, na Daktari akamshauri kwa sauti ile ile ya upole: "Imezeeka hii, mzee. Iuze." Karani aliiuza.

"Umeona tatizo?" dada aliuliza.

"Memori. Imekufa."

"Si uweke nyingine?"

Aina ile ilikuwa ya zamani. Kuiagiza kulichukua wiki. Alimweleza hivyo, na akauona uso wa dada ukisinyaa. Simu yake ikaita, akatoka kuongea barazani. Daktari akatazama rafuni. Palikuwa na laptopu ya mwalimu wa chekechea, iliyoletwa kwa ajili ya kibodi peke yake. Ilikuwa ya aina ile ile.

Hakufikiri sana, mazoea hayangoji fikra. Memori ya mwalimu ikaingia kwenye mashine ya dada, na mstari ukaanza kusogea tena, safari hii bila kusita. Dada aliporudi ulikuwa unakaribia ukingoni. Mashine ikajizima, ikawaka, ikamkaribisha kwa jina lake.

"Ehee! Mdogo wangu, Mungu akupe mikono mingine miwili!" Alicheka, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akaona ile nyingine mezani, tumbo wazi, na kipande chenye doa vidoleni mwa mdogo wake, kikielekea ndani yake.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mteja, mwalimu wa chekechea."

"Na hiyo unayoipachika si ndiyo uliyotoa kwangu? Si umesema imekufa?"

"Dada, mafundi wote ndivyo tunavyofanya. Hata hatajua."

Mwanamke yule alikuwa ameyapiga chapa maneno ya mashahidi nusu ya maisha yake. Alijua namna mtu anavyojifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

"Ulifungua ukaona hilo doa, ukasema imekufa," alisema polepole. "Hukuijaribu. Umejuaje?"

Dada alimtazama mpaka akapata jibu lote.

"Rudisha ya mwalimu."

"Kesho una jaribio! Utakosa kazi, dada. Utakula nini?"

"Rudisha. Nakuangalia."

Aliirudisha mbele ya macho yake, skrubu moja baada ya nyingine. Dada akabeba mashine yake iliyokufa, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alizunguka kwenye maduka ya intaneti tangu yalipofunguliwa. Hakuna lililokuwa na Linux, wala aliyekubali iwekwe. Aliwapigia simu wenye ofisi. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa nafasi anayefuata. Sasa anafua nguo za watu, na vidole vilivyokuwa vikikimbia kwenye herufi vimechubuka kwa sabuni.

Mwalimu wa chekechea alikuja kuchukua laptopu yake, akamsifu Daktari mbele ya wateja: fundi mwaminifu hivi utampata wapi? Daktari aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Memori mpya ilipofika alimpelekea dada, ikiwa bado kwenye kifuko chake, na risiti juu. Alimkuta uani, mikono ndani ya beseni. Hakuipokea.

"Hii ya nani?"

"Nimenunua, dada. Tazama risiti."

"Risiti naiona. Nimekuuliza, ya nani?"

Aliiacha kizingitini, siku nyingine akaikuta pale pale, imelowa. Dada hakumtangaza kwa mtu, hata mkewe hajui. Lakini kila anapokwenda, iwe na sukari, iwe na dawa ya miguu, yule mwanamke haugusi mkono wake kabla hajauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile. Daktari husema ni yangu, dada, ni yangu. Naye humtazama vile alivyomtazama kibandani, akingoja, kisha akarudi kwenye beseni lake.