Gauni la Ukaguzi

Wifi yangu ana gauni la kijani lenye vifungo vyeupe vikubwa kama vizibo vya soda, na mimi nalichukia kuliko nguo yoyote niliyowahi kuiona. Si kwamba ni baya. Limeshonwa vizuri, linamkaa vizuri, na siku kaka yangu alipomletea alijiona bingwa wa mapenzi mtaa mzima. Ninalichukia kwa kazi lililokuja kupewa.

Niseme kwanza huyu wifi ni nani. Ameolewa na kaka yangu, fundi wa friji, na mimi nakaa nao, chumba cha nyuma, nikiamka na kulala katikati ya friji za watu zisizogandisha. Kazi yake ni kufundisha watoto viziwi. Mtaani wanamwita Mwalimu Vidole, maana hata akibishana na muuza nyanya mikono yake haishuki chini. Katika halmashauri yetu nzima, mwalimu aliyesomea kazi hiyo ni yeye peke yake. Mimi ni karani wa halmashauri hiyohiyo. Kamati ya elimu, yaani madiwani wenye jukumu la kuzisimamia shule zetu, ikitoka kwenda kukagua, mimi huwa nyuma yao na kalamu, naandika wanayosema. Kuandika wanayoyaona si kazi yangu, na ni heri, kwa sababu ningekuwa narudi na kurasa tupu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Alipotoka chuoni alipewa darasa moja katika shule iliyo karibu na kiwanda cha matofali, watoto wachache wa kila kimo. Mmoja alikuwa binti ambaye hakuna aliyewahi kuzungumza naye. Nyumbani walimwonyesha sahani, akala. Wakamwonyesha mlango, akatoka. Wifi alipomfundisha lugha ya ishara ikawa kama amefungua bomba lililokatika koki. Mtoto hanyamazi. Wifi akambandika jina la Chiriku, akawa anatuletea habari zake kila jioni.

"Leo kanisimulia ugomvi wa mbuzi wa jirani," alikuwa akisema huku akivua viatu. "Mikono ni yake, lakini aliyechoka ni mimi."

Halafu kamati ikaagiza kwamba kila shule kubwa iwe na kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Agizo zuri, ukilisikia hivyo. Afisa elimu wetu, mtu mpole ambaye sijamsikia akimkaripia hata paka, hakuwa na walimu. Alikuwa na gari. Basi kamati ikikaribia kwenda shule fulani, wifi anabebwa mapema, yeye na kioo chake kikubwa cha watoto kujitazamia mikono na picha zake na zulia, anawekwa pale kama aliyezaliwa pale. Kamati inakuja, inaridhika, inakunywa maji ya chupa, inaondoka. Wifi anapakiwa tena kwenda kwingine. Watoto anaowaacha wanarudishwa nyuma kabisa ya madarasa ya kawaida, wanamtazama mwalimu akifungua na kufunga mdomo hadi kengele, ambayo nayo hawaisikii.

Nilimjia juu siku moja tukiwa jikoni. Nilimwambia yeye ni mtu mzima, ana mdomo na mikono, aseme kwa chochote kati ya hivyo.

"Utaratibu unaujua, umeuandika mwenyewe," akanijibu. "Kitengo kikikutwa hakina mwalimu kinafungwa, watoto wanarudishwa nyumbani. Nikisema hakuna mwalimu, wanafunga. Nisiposema, hakuna mwalimu. Haya, wewe mwenye kalamu, nichagulie."

"Basi acha kazi."

"Niwaachie nani, wifi? Wewe?"

Nikapandisha sauti. Nikaendelea kumsema, afisa nikamsema, kaka nikamsema pia japo alikuwa karakana na hana habari. Wifi akafumba macho.

"Hivi ndivyo wanavyonifanyia wanafunzi wangu," akasema akiwa amefumba. "Mtu anayesikia kwa macho, akikuchoka anafumba, basi. Huna pa kumpatia tena. Unabaki umesimama na mikono yako hewani mpaka apende mwenyewe kufumbua."

Nikacheka, hasira zikaisha. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu. Nikianza kulalamika ananifumbia macho, ananiacha niongee na sufuria.

Alichokuwa anakiomba kilikuwa kidogo: aachwe na darasa la Chiriku, walau mpaka mtoto ajue kusoma. Afisa alikuwa na jibu lake lilelile, kwa sauti yake ya kubembeleza: "Baada ya ukaguzi huu, mwalimu wangu." Ukaguzi ukipita, unaibuka mwingine.

Ndipo akaja na ujanja wa gauni. Kusema utaratibu unamzuia, lakini avae nini hakuna aliyemwambia. Kila kamati ikija atavaa lile la kijani lenye vifungo vya kupiga kelele. Madiwani wakigundua wenyewe kwamba mwalimu wa shule zote ni mmoja, hakuna atakayesema yeye ndiye aliyechongea. Wataona aibu, wataajiri wengine, na yeye atatulia na watoto wake. Alipotueleza alikuwa na furaha kama msichana aliyepata barua ya chuo.

Kaka akatikisa kichwa. "Wanaume hawakumbuki gauni, mke wangu. Hilo nimelinunua mimi, na juzi nilitaka kukuuliza kama ni jipya."

Alisema kweli. Shule ya kwanza walimpita. Ya pili walimpita. Diwani mmoja wa kike alisimama akashika kitambaa, akauliza, "Mwalimu, umependeza, nani fundi wako?" Wifi akamtajia. Muda si mrefu, katika shule nyingine kabisa, mama yuleyule akashika kitambaa kilekile: "Mwalimu, umependeza, nani fundi wako?" Nilitafuna kofia ya kalamu mpaka ikapasuka.

Hatimaye ikawa zamu ya shule ya matofali. Wifi alirudishwa pale mapema kama kawaida. Chiriku hakumkimbilia. Alimzunguka kwanza, akafungua mkoba wake, akaangalia kilichomo, kisha akamuuliza kwa mikono: unakaa?

Safari hii afisa alikuwa ameapa. Alishika hata kifua. Baada ya ukaguzi huu wa mwisho, wifi atabaki palepale. Kwa hiyo wifi alimjibu mtoto: nakaa. Aliponieleza usiku ule alisema hajawahi kumwambia mtoto neno hilo. Mimi nikamwambia angalau sasa kuna mtu mmoja anayemdai afisa akiwa amekodoa macho.

Siku ilipofika nilikuwa mlangoni na karatasi zangu. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yana vumbi jekundu la kiwandani, madiwani wamejibana kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagusa videvu. Wifi alikuwa mbele ya kioo, Chiriku pembeni yake, wakitaja rangi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alikuwa ameshaanza kuinuka. Akasimama nusu.

"Mwalimu. Hilo gauni mimi nimeliona."

Afisa alivua miwani akaanza kuipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

"Nimeliona shule ya barabara kuu," akaendelea mwenyekiti. "Na kule sokoni. Vifungo hivi mimi sivisahau, ni saizi ya nati zangu za duka. Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Shule zote hizo?"

"Zote," akasema wifi. "Hakuna mwingine. Nikitoka hapa hawa hawana mtu. Nikiwa hapa, wale wengine hawana mtu."

Nilitaka kupiga kigelegele. Mwenyekiti alimgeukia afisa polepole, na mimi nikajisemea leo ndiyo leo, mpole wetu amepatikana.

"Yaani mtu mmoja," akasema mwenyekiti, "anahudumia vitengo vyote vya halmashauri?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," afisa akajibu, sauti imekonda.

Mwenyekiti akapiga makofi. Wengine wakatazamana, kisha nao wakapiga. "Sasa huu ndio ubunifu! Sisi tunaumiza vichwa na mpango wa kuajiri walimu wapya, kumbe jawabu tunalo, limevaa kijani! Mpango ule usimame kwanza. Mwalimu apewe pikipiki na ratiba rasmi, azunguke shule zote, na zile ambazo hazijafikiwa zifikiwe. Hongera sana, mwalimu. Karani, andika hilo."

Niliandika. Ndiyo kazi yangu.

"Mheshimiwa," wifi akasema, "mtoto hafundishwi lugha kwa kupita. Anahitaji mtu wa kukaa naye."

"Usijali, mama. Pikipiki itakuwa mpya kabisa."

Wakacheka, kicheko cha watu wema wanaokwenda kula. Afisa alimsogelea wifi akiwa amerudisha miwani na rangi ya uso, akamnong'oneza, "Gari liko tayari, mwalimu wangu. Shule ya mtoni wanakusubiri, kamati itafika huko wiki ijayo." Hakusema lolote kuhusu kile kiapo. Wala hakuwa na haja. Sasa alikuwa na agizo.

Chiriku alikuwa ameyatazama yote, midomo, makofi, meno. Akavuta gauni la kijani na kuuliza: wanasema nini?

Wifi alipiga magoti ili nyuso zao zilingane. Akajigusa kifua, mimi. Mkono wake mwingine ukaanza kwenda kuelekea mlangoni, nao haukufika mbali. Mtoto aliufuata kwa jicho kidogo tu, kisha akafumba macho, akayabana mpaka pua ikakunjamana.

"Maskini, amechoka," akasema mwenyekiti akipita. "Mwacheni apumzike."

Wakatoka wote. Nikabaki mlangoni. Wifi alikuwa bado amepiga magoti, mikono yake miwili iko hewani mbele ya uso wa yule mtoto, tayari, inamsubiri, na machozi yanamtiririka asiweze kuyafuta kwa kuwa akishusha mikono huenda ndipo Chiriku atakapofumbua. Kope za mtoto zilikuwa zinatetemeka. Hakufumbua.

Nje dereva alipiga honi. Akapiga tena.