Honi ya Saa Kumi

Verlene Kucera alikuwa msusi wa mji wa Dunmore Creek, Nebraska, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, pale reli inapokata Mtaa wa Tisa. Kila treni ilipokaribia kivuko ilipiga honi kama sheria inavyotaka: ndefu mbili, fupi moja, halafu ndefu ya mwisho. Vikombe vilitetemeka kabatini na wateja wakalalamika. Yeye hakulalamika hata siku moja kwa miaka ishirini na sita, kwa sababu mumewe Duane aliendesha treni za mizigo, na kila Jumanne na Ijumaa saa kumi alasiri honi iliyolia ilikuwa yake. Madereva wengine hupiga tu na kuachia. Duane aliivuta ile ya mwisho, akailegeza taratibu mpaka ikafifia. Verlene akiisikia alisimamisha mkasi hewani akasema, "Huyo wangu," na mwenye kichwa akasubiri.

Ndipo mji ukataka kimya. Wenye watoto wachanga walitaka, mwenye nyumba ya wageni alitaka, na wazee wa makao ya Mtaa wa Sita walitaka kuliko wote. Serikali kuu hairuhusu honi zinyamazishwe hivihivi. Lazima kwanza vivuko vitengenezwe hivi kwamba hakuna mwenye haraka atakayezunguka kizuizi kilichoshuka. Bwana Lindqvist, mhandisi wa mji, alipima akasema patajengwa ukingo wa zege katikati ya barabara, na ndani ya futi sitini pasiwe na mlango wa kuingizia magari kwenye biashara yoyote. Kwenye Mtaa wa Tisa futi hizo ziliangukia mlango wa magari ya wateja wa Verlene. Asipokubali ufungwe na wateja wapitie uchochoroni, mpango wote unakwama. Lindqvist alimwendea mara tatu na fomu. Mara zote tatu alinyweshwa kahawa akarudi na fomu yake.

Mambo yaligeuka jioni ya kikao cha wananchi. Aliyesimama kutetea honi alikuwa Corinne Sobotka, mjane mwenye duka la pai pale Mtaa wa Mill, kwenye kivuko cha kwanza treni inapoingia mjini. Alikuwa mzuri, na Verlene alilijua hilo vizuri maana nywele zile za kung'aa alizipaka rangi yeye mwenyewe.

"Tangu Ray wangu afariki, kuna dereva mmoja hunisalimia," Corinne alisema kwenye kipaza sauti. "Jumanne na Ijumaa, saa kumi. Ile ya mwisho anaivuta polepole, hivi. Natoka nje nampungia kitambaa. Jamani, ile ni salamu yangu, msininyang'anye."

Watu walicheka kwa huruma. Verlene hakucheka. Wivu ulimpanda, akakaa akiitazama shingo ya yule mwanamke na kujiuliza ni mangapi mengine amechangia naye bila kujua. Asubuhi yake, kabla ofisi ya Lindqvist haijafunguliwa, alikuwa mlangoni. Alitia sahihi amesimama, wala hakutaka kahawa.

Ukingo ulijengwa, barua zikaenda na kurudi, vibao vya kuonya kwamba treni hazipigi honi vikasimikwa. Miezi yote hiyo hakumwambia Duane neno. Alinusa koti lake. Alimwuliza kijuujuu kama siku hizi anakula pai, akajibiwa kwamba daktari amemkataza sukari, na hilo pia akalitilia shaka. Corinne alipokuja kupaka rangi alitoka na nywele za karoti, akaambiwa ndiyo rangi ya msimu.

Amri ilianza Jumatatu. Jumanne saa kumi kengele za kivuko zililia, vizuizi vikashuka, magurudumu yakapita, basi. Verlene aliwaza kwamba sasa hata Corinne hana salamu, na roho yake ikatulia kwa dakika moja hivi. Halafu akabaki ameshika mkasi hewani, hana la kusema.

Duane alifika nyumbani akakuta viazi vibichi.

"Sikujua kama umefika," Verlene alisema.

"Si ndiyo maana nilikuwa naivuta ile ya mwisho. Naanzia Mill, mpaka hapa unakuwa umeshasikia, unabandika viazi. Hujui?"

"Na Corinne je?"

"Corinne gani?"

"Wa duka la pai. Anayekupungia."

Duane alifikiri sana. "Yule mama wa kitambaa? Mimi nilidhani anafukuza nzi."

Verlene aliketi kwenye kiti cha wateja. Alimsimulia yote, mpaka sahihi. Duane hakugomba, na hilo lilimuuma zaidi. Basi awe anampungia mkono akipita, Verlene aliomba.

"Dereva anakaa kulia, mke wangu, na nyumba yetu iko kushoto. Tangu niendeshe njia hii sijawahi kukuona hapo mlangoni. Nilikuwa na honi tu."

"Kulia kuna nani?"

Duane alijikuna kidevu. "Kuna duka la pai."

Ijumaa alifunga saluni saa tisa na nusu akaenda Mill kwa miguu. Corinne alikuwa ameshatoka nje, kilemba kimefunika karoti.

"Karibu, dada. Umekuja kula pai?"

"Nimekuja kumpungia mume wangu."

Corinne alimtazama, akaitazama reli, akaelewa. "Yule ni Duane wako?" Uso ulimwiva. Alikunja kitambaa mara mbili akamkabidhi. "Haya, chako. Ila mimi nimeshazoea kupunga. Utaniruhusu nipunge mkono mtupu?"

Verlene alitaka kukataa, akaona aibu. Kengele zikaanza. Treni ikaja kimya, na kwenye dirisha la kulia mkono wa Duane ukatoka ukapunga. Wanawake wawili walipunga pamoja. Verlene alipanda juu ya ngazi ya duka, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, ili kitambaa chake kiwe juu ya mkono wa mwenzake.