Nyani Aliyepakwa Udongo Mweupe

Enzi za Mdachi shamba la mama yangu lilikuwa kwenye milima ya Matombo, chini ya majabali walikolala nyani. Askari wa Mdachi walishachukua magobori yetu yote, bunduki za kuwindia, na msimu uliotangulia nyani walitumalizia mahindi tukabaki kula mizizi ya porini. Safari hii mjomba alinasa dume kijana kwenye mtego wa kamba. Akamfunga miguu na mdomo, akampaka udongo mweupe mwili mzima.

"Muue tu, kaka," mama alisema. "Unampamba kama mwali anayetolewa ndani."

"Nikimuua huyu, kesho watakuja wenzake. Akirudi hivi watamwogopa, watahama."

Akamfungulia. Nyani hana pa kwenda ila kwenye kundi lake, basi akakimbilia huko. Majike walibeba watoto wakapanda majabali wakipiga kelele, naye akawafuata akilia, asijue kwamba wanamkimbia yeye. Ndipo madume wakubwa, wale wanaotembea pembeni kulinda kundi, wakamgeukia. Walimrarua tumbo mbele ya macho yetu, wakamvuta huku na huku mpaka ule weupe ukawa damu tupu. Kabla jua halijazama, kundi zima lilivuka mto likahamia mlima wa pili.

"Umeona, dada?" mjomba alisema.

Mama alitutuma sisi watoto tukaufukie mzoga, usije ukaita fisi.

Mahindi tuliyavuna yote mwaka ule. Wajukuu huniuliza kama nilimwonea huruma yule nyani. Nilikuwa na njaa, nikala nikashiba.