Mwaka Tulioacha Kula Mifupa

Nikisikia mashine ya mkono ya kusagia nyama, ule mlio wake wa kukwaruza, narudi jikoni kwetu karibu na Bulyanhulu. Nipo darasa la nne. Mama anasukuma vipande vya nyama kwa kidole gumba, mimi nazungusha mpini hadi bega linauma.

Zamani hatukuwa na mashine. Sisi ni watu wa ng'ombe, na nyama kwetu ilikuwa mbavu. Zile nene zilikuwa za baba. Kisha jiwe likamwangukia kwenye duara, shimo walimokuwa wakichimba dhahabu, likamvunja taya. Taya iliunga vibaya, na meno ya upande mmoja yakapotea. Kwa ndugu alituma salamu kwamba amepona. Nyumbani alikunywa uji peke yake chumbani, mlango umefungwa, akakonda mpaka shati likawa kama limetundikwa kwenye msumari.

Mama akanunua mashine kuukuu kwa jirani aliyekuwa anarudi kwao Tanga. Aliloweka mkate kwenye maziwa, akauchanganya na nyama ya kusaga, kitunguu na tangawizi. Madonge mengine aliyajaza nusu yai la kuchemsha, mengine aliyabonyeza yakawa bapa, ya kutia kwenye mkate kama baga. Aliyakaanga kidogo tu, halafu akayaivisha kwenye mchuzi yalainike.

"Kuanzia leo humu ndani mfupa hauliwi," alisema.

Tulinuna, niwaambie ukweli. Lakini baba alitoka chumbani akaketi nasi.

Jumapili moja baba mdogo alikuja kutoka Songwa na mbavu nzima za ng'ombe. Mama akazipokea kwa heshima, akabandua nyama yote, tukaisaga. Sahani ilipofika, baba mdogo aliikodolea macho.

"Shemeji, mimi nimeleta mbavu. Hizi nani amekwisha kunitafunia?" Akacheka. "Kaka, siku hizi mnakula kama vikongwe?"

Baba aliweka kijiko chini. Alianza kuinuka, na nilijua akiingia chumbani safari hii hatatoka tena.

"Nisamehe, shemeji," mama alisema haraka. "Ni mimi. Magego yangu yameoza, mfupa siuwezi. Kaka yako ananihurumia tu."

Nilifungua mdomo. Mama huyu alikuwa anamenya miwa kwa meno! Alinitazama mara moja, nikaufunga.

"Pole, Mama Minza," baba mdogo alisema, ameshaacha kucheka.

Baba alikaa. Akala donge moja, akaongeza la pili.

Niliona aibu wiki nzima, kwamba mama anayetupeleka kanisani amedanganya mgeni mezani. Nilichelewa kutambua kwamba tangu siku ile hakugusa mfupa wala muwa, hata baba akiwa safarini Kagongwa. Mwaka jana, tulipokwisha kumzika baba, nikajikaza nikamuuliza kwa nini hakula hata kwa kujificha.

"Ningekula kwa kujificha," akasema, "ningekuwa namcheka."