Sista Polepole, Mlinzi wa Waliochanganyikiwa

Alizaliwa mwaka wa 1938, kitinda mimba wa seremala, katika chumba cha nyuma ya karakana. Alipotimiza miaka kumi na minne, kaka yake, fundi wa magari, alipatwa na ugonjwa wa akili akawa anapiga kelele barabarani. Polisi waliitwa. Kaka alirudi nyumbani baada ya wiki moja, mkono umevunjika. "Nilikuwa naumwa," alimwambia dada yake, "wakanifunga kama mwizi." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa wito wake. Aliingia utawa, akasomea uuguzi, na kwa kuwa hakumharakisha mtu yeyote, wagonjwa walimwita Sista Polepole.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka wa 1971, asubuhi ya Ijumaa. Mwoka mikate jirani na zahanati alipohudumu Sista alikuwa amejifungia dukani na kisu, akidai unga wote umetiwa sumu. Mkewe alikuwa nje akilia, na askari walishajipanga kuvunja mlango. Mama mkuu wa shirika alimkataza Sista kutoka; alitoka, na baadaye akapokea adhabu yake bila kinyongo. Alimwomba mkuu wa kituo cha polisi saa moja tu, askari wake wakangoje ng'ambo ya barabara. Kisha akaketi kizingitini.

"Baba, ulilala lini mara ya mwisho?"

"Jumapili."

"Basi umechoka. Na mimi miguu inaniuma. Nifungulie nikae ndani."

"Na wale?"

"Wamekubali kungoja. Sikudanganyi."

Hatimaye komeo likasogea. Kisu kikawekwa mezani, dawa ikakubaliwa, na mwoka mikate akalala juu ya magunia yale yale ya unga. Mkewe alipomsikia akikoroma, alicheka huku machozi yakimtoka: "Huyo sasa ndiye mume wangu."

Tangu siku ile mkuu wa kituo aliagiza taarifa za namna hiyo zipelekwe kwanza zahanati. Walikwenda wawili wawili: muuguzi, pamoja na mtu aliyewahi kuugua akapata nafuu. Mwoka mikate alikuwa wa kwanza kujitolea. Kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyepoteza uhai katika milango waliyobisha. Waumini huuita huo muujiza, mwenyewe alisema, "Ni kukaa tu."

Alifariki mwaka wa 2003 kwa ugonjwa wa moyo. Jeneza lake lilibebwa na watu sita, na kila mmoja wao aliwahi kumfungulia mlango. Nasi tumuige: jirani akichanganyikiwa, tusitangulize pingu. Twende wawili, tuketi, na tukiahidi, tutimize.